Mkaguzi, Tartuffe au Wake wa Windsor: mchezo upi uwekwe jukwaani Lamu?

Hili swali nimeulizwa na vijana wa Langoni, nikaulizwa na mwalimu mmoja wa Mpeketoni, na juzi tena dada mmoja kanipigia kutoka Malindi, na shida yao wote ni moja. Grupu ipo, hamu ipo, wanataka komedi ya zamani iliyokwisha kupimwa na watu wa nchi nyingi, sio skechi ya dakika tatu ya kurekodi kwa simu, alafu wakikaa kuchagua wanabakia na hizi tatu na hapo ndo wanakwama. Mkaguzi wa Gogol wa Urusi, Tartuffe ya Molière wa Ufaransa, na ile ya Shakespeare, Mwingereza, ya wake wawili wa mji wa Windsor. Kila mtu ana yake, wanabishana mpaka chai inapoa na praktisi haianzi.

Mi hizi tatu nazipenda zote, nimezisoma mpaka vitabu vimeachia kurasa, kwa hivo sitakwambia hii ndo bora na zile nyingine uziache. Naziweka sambamba kwa vigezo vile vile, alafu wewe ujipime na watu ulionao.

Vigezo vyangu ni vinne. Cha kwanza hadithi yenyewe, inashika wapi na inalegea wapi. Cha pili watu wake, mana komedi ni watu, mtazamaji akirudi nyumbani kisa chote hakikumbuki ila yule mzee na yule mke wake anawakumbuka mwaka mzima. Cha tatu, na hiki nakipa uzito kuliko vyote, nani anachekwa. Lamu mji ni mdogo, unamcheka mtu usiku pale Ngomeni, asubuhi mnakutana kwenye uchochoro ambao punda akipita na mzigo wewe unajibana ukutani, hamna pa kukwepana, kwa hivo kabla hujauliza mchezo unachekesha kiasi gani uliza kwanza kicheko kinamwangukia nani. Cha nne ni mzigo wa kuubeba: watu wangapi, wanawake wangapi, vifaa gani, lugha ipi.

Hadithi

Mkaguzi ulichezwa mara ya kwanza Petersburg mwaka 1836, na Tsar Nikolai wa Kwanza mwenyewe alikuwepo ukumbini. Kisa ni mji mdogo wa Urusi, mbali na kila kitu. Meya amepata barua kwamba kuna mkaguzi anakuja kwa siri kutoka mji mkuu, basi wakubwa wote wanashikwa na homa mana kila mmoja ana lake alilolificha. Hospitali wagonjwa wachafu kama wahunzi, mahakamani kwenye veranda askari wa mlangoni wanafuga mabata, mwenye posta anafungua barua za watu anazisoma kwa raha zake. Wanakuja mbio waungwana wawili, Bobchinsky na Dobchinsky, kazi yao kubeba habari tu, wameona kijana kwenye nyumba ya wageni, wiki ya pili hii hali anakula halipi wala haondoki, basi ndiye! Kumbe kijana mwenyewe ni Khlestakov, karani wa cheo cha chini kabisa, pesa zake zimeishia kwenye karata njiani. Meya anakwenda kumwona, kijana anadhani kaja kufungwa kwa deni la chakula, meya anadhani anakaripiwa na mkaguzi, wanatetemeka wote wawili na kila mmoja anaiona hofu yake tu. Kutoka hapo mchezo haukamatiki. Wanamhamishia nyumbani kwa meya, mmoja mmoja wanampa pesa kwa jina la mkopo, anamtongoza mke wa meya na binti yake pia, anaposa, anaondoka, alafu mwenye posta kwa tabia yake ile ile anafungua barua aliyoiandika Khlestakov kwa rafiki yake na wanaisoma mbele ya wageni wote, kila mtu anasikia alivyotukanwa. Wakiwa bado wamenyong'onyea anaingia askari: mkaguzi wa kweli amefika, anawaita. Wote wanaganda pale pale kama sanamu, Gogol aliandika wakae hivo karibu dakika moja na nusu, na kitambaa kinafungwa.

Kwa kusuka kisa sijaona komedi iliyokazwa kama hii. Hakuna tukio la kubahatisha, ile tabia ya kufungua barua uliyoicheka mwanzo ndo inakuja kuwavua nguo mwisho.

Tartuffe imekazwa kwa namna nyingine. Nyumba moja Paris, siku moja, familia moja. Orgon, bwana mwenye mali, amemwokota kanisani mtu anayesali kwa kelele na kupiga magoti kuliko kila mtu, akamleta nyumbani, akampa chumba, chakula, na sasa anataka kumpa na binti yake Mariane ambaye tayari ana mchumba. Nyumba nzima inamwona huyu mtu ni mnafiki isipokuwa Orgon na mama yake. Kilichonishangaza nilipousoma mara ya kwanza ni kwamba Tartuffe haonekani mpaka sehemu ya tatu, sehemu mbili nzima unasikia habari zake tu, nyumba inagombana kwa ajili ya mtu ambaye hujamwona, anapoingia tayari unamchukia. Alafu anamtaka mke wa Orgon, kijana wa Orgon anamshuhudia na kumsema, na baba anafanya nini? Anamfukuza mwanawe na kumwandikishia Tartuffe mali yote.

Ni hapo inapokuja ile ya meza. Elmire, mke, anamwambia mumewe ingia chini ya meza usikize kwa masikio yako. Anamwita Tartuffe, anamlegezea sauti, huku anakohoa kumpa mumewe ishara atoke, na mume hatoki! Yani mwanamke wa watu anasogelewa na mume yuko chini ya meza bado anangoja ushahidi zaidi. Hiyo kichekesho na hasira vimechanganyika pamoja, sijui mchezo mwingine unaofanya hivo kwa nguvu ile.

Mwisho wake mimi unanisumbua. Tartuffe amekuja na afisa kumkamata Orgon, ghafla afisa anamkamata Tartuffe, mfalme alishamjua zamani, mambo yamekwisha. Ni msaada ulioshuka kutoka juu, watu wa nyumba wenyewe hawakujikomboa. Lakini ukijua yaliyompata Molière unaelewa. Aliutoa mara ya kwanza Versailles mwaka 1664 ukapigwa marufuku, mwaka 1667 akaubadilisha jina na kuurudisha ukafungwa baada ya siku moja, na hakuruhusiwa kuucheza wazi mpaka mwaka 1669. Miaka mitano ya kuhangaika, na aliyemsimamia ni mfalme Louis wa 14. Ile sifa ya mfalme mwishoni ni deni analipa.

Ule wa Windsor ulichapwa mwaka 1602 na hadithi yake ndo nyepesi kuliko zote kuielezea mtu barazani. Sir John Falstaff, bwana mnene wa cheo, pesa zimemwishia, anawaandikia barua ya mapenzi wake wawili wa matajiri, Bi Page na Bi Ford, kwa sababu ndio wanaoshika funguo za pesa za waume zao. Barua ni ile ile neno kwa neno kabadilisha jina tu. Hawa wawili ni mashoga wa chanda na pete, barua zinafika, mmoja anakwenda kumwonyesha mwenzake, wanaziweka pamoja. Mtaka yote hukosa yote. Wanaamua kumwadhibu, na wanamwadhibu mara tatu. Mara ya kwanza mume wa Bi Ford anarudi ghafla, Falstaff anatiwa ndani ya tenga la nguo chafu na kwenda kumwagwa kwenye tope la mto. Mara ya pili wanamvisha nguo za kizee mmoja ambaye huyo mume anamchukia, anapigwa fimbo mpaka mlangoni. Mara ya tatu wanamwita usiku wa manane kwenye mti mkubwa unaosemekana una mzuka, amevaa pembe kichwani, na watoto wa mji waliojigeuza majini wanamzunguka na mishumaa wanamfinya na kumchoma.

Udhaifu wake ni kwamba kuna visa vingi vya pembeni, kuna wachumba watatu wanaomgombania binti wa Bi Page, kuna ugomvi wa daktari na mchungaji, kuna habari ya farasi wa mwenye hoteli ambayo hata Waingereza wenyewe wanaikata. Usipopunguza watu watapotea.

Watu wake

Nianze na Khlestakov mana huyu anaharibiwa na waigizaji wengi. Wanamcheza kama tapeli, mjanja, anakonyeza watazamaji. Siye! Gogol mwenyewe alilia na hilo tangu siku ya kwanza, akaandika kwamba mwigizaji awe mkweli na mnyofu kadri anavyoweza. Khlestakov hana mpango, hakuja kumdanganya mtu, ni kijana mwenye njaa ambaye ghafla watu wazima wanamsimamia, wanamsikiza kila neno, sasa ulimi unateleza wenyewe, kila akisema uwongo anauamini yeye wa kwanza. Ile hotuba yake ya ulevi ndo kilele, anasema kwake mezani tikiti maji moja linagharimu rubles 700, supu inakuja na meli moja kwa moja kutoka Paris ndani ya sufuria, siku moja barabarani walitumwa matarishi 35,000 kumwita akaongoze idara. Wanaomsikiza hawacheki, wanasimama wakitetemeka. Nani kamfanya mkubwa? Ni wao.

Meya naye si mjinga, na hapo ndo uzuri. Ni mzee wa kazi, kadanganya magavana watatu maishani mwake, anasema mwenyewe, na leo kaangushwa na mtoto. Jaji anapokea rushwa ya watoto wa mbwa wa kuwinda na anaona hiyo sio rushwa. Hapa kwetu mbwa haitafaa, mi ningeweka punda wa mashindano na Lamu nzima ingeelewa bila kuelezwa. Osip, mtumishi wa Khlestakov, ndo mwenye akili peke yake, anajua mambo yatafumuka, anamwambia bwana wake tuondokeni. Wanawake ndo wamepewa kidogo, mke wa meya na binti yake wanagombania nguo na mwanamume basi, ila kuna yule mjane wa sajini aliyepigwa viboko kwa amri ya meya na meya anasema eti amejipiga mwenyewe. Ni dakika chache lakini usizikate. Ndipo kicheko kinapokwama kooni.

Kwenye Tartuffe watu wote wanamtazama mnafiki lakini mi nakwambia mchezo ni wa Orgon, na Molière alilijua hilo, alimcheza Orgon yeye mwenyewe. Kuna pale anarudi safari anauliza habari za nyumbani, mjakazi Dorine anamwambia mkeo alikuwa na homa kali na kichwa, yeye anauliza, na Tartuffe? Anaambiwa kanenepa, mwekundu, kala kware wawili na nusu paja la kondoo. Orgon anaitikia, masikini ya Mungu! Mke hakulala usiku, na Tartuffe? Kalala fofofo. Masikini ya Mungu! Mara nne. Hapo unaona mtu mzima aliyependa mpaka akapofuka, na kila mmoja wetu ana jamaa yake wa hivo, awe kwa mganga, kwa tajiri au kwa mtu wa siasa. Dorine ni zawadi kwa mwigizaji mwanamke, mjakazi ambaye ulimi wake hauna breki na akili yake ndo inayoisimamisha nyumba. Elmire ni mtulivu, na utulivu ule ni mgumu kuucheza kuliko kelele za Dorine. Wale wachumba wawili, Mariane na Valère, ni wepesi, wana ugomvi mmoja mzuri kwisha.

Windsor utajiri wake ni wale wake wawili. Wanapangana, wanapokezana maneno, wanacheza mchezo ndani ya mchezo, mmoja anajifanya kaja na habari mbaya mwingine anajifanya kashtuka huku Falstaff kajificha nyuma ya pazia. Wanaume wa mchezo huu wanababaika, wanawake wanajua wanachofanya. Na kuna Bwana Ford, mume mwenye wivu, huyu mtu ananiumiza kila nikimsoma: anajibadilisha jina, anakwenda kumlipa Falstaff pesa ili amtongozee mke wake, apate hakika. Anajinunulia maumivu yake mwenyewe. Alafu anarudi kupekua nyumba, anatupa nguo moja moja kutoka kwenye tenga mbele ya majirani, na safari ile tenga lina nguo tu. Falstaff kwenye michezo mingine ya Shakespeare ana akili inayokata, hapa kapunguzwa makali, hilo ni kweli, lakini mwili wake na maneno yake bado yanabeba jukwaa. Daktari Mfaransa na mchungaji wa Wales wanachekwa kwa lafudhi zao, na hilo ndo jambo ningelibadilisha kabisa. Usichukue lafudhi ya kabila la mtu hapa kwetu ukaifanya kichekesho, mfanye daktari mtu anayependa maneno makubwa ya kizungu ambayo hata yeye hayajui, inatosha.

Nani anachekwa

Kwenye Mkaguzi wanachekwa wakubwa, wote, na hakuna hata mtu mmoja mwema wa kumkimbilia. Gogol alisema mtu mwaminifu pekee ndani ya mchezo wake ni kicheko. Alafu meya akishajua kadanganywa anawageukia watu, mnacheka nini, mnajicheka wenyewe. Kwa Kiamu ningempa aseme hivi: Mwateka nni? Mwaiteka wenyewe! Nilishawahi kuusikia ukisemwa hivo kwenye praktisi na kulikuwa na watu kumi tu wamekaa, kimya kiliingia. Mana kweli, nani kati yetu hajatoa chai ofisini ili faili lisogee? Huu mchezo unafaa mahali ambapo watu wamechoka na ahadi za maofisi, lakini ujue wakubwa watakuwa wamekaa viti vya mbele. Ushauri wangu usimvishe meya shati au kofia ya mtu anayejulikana, usiige kutembea kwa mtu, acha mji uwe wa Urusi na majina yawe ya Kirusi hata kama maneno ni ya kwetu. Ukiuacha mbali ndo unapiga karibu. Kuna grupu niliyowahi kuisaidia walimuigiza mtu wanayemjua, watu walicheka sana usiku ule, lakini mchezo haukurudiwa tena na waliogombana mpaka leo hawajapatana.

Kwenye Tartuffe wanachekwa wawili, mdanganyifu na aliyedanganywa, na mpaka wake ni mwembamba mno. Mji wa Lamu ni mji wa Maulidi, wa msikiti wa Riyadha, wa masharifu na wanazuoni walioheshimiwa pwani nzima, mtu akisikia kuna mchezo unaomcheka mtu wa kusali atasimamisha masikio na ana haki yake. Molière alijibu hayo hayo wakati wake, kwamba anamsema anayeivaa dini kama nguo, si anayeiishi. Na ndani ya mchezo kuna Cléante, shemeji, ambaye kazi yake yote ni kutenganisha hao wawili, waigizaji wanapenda kumkata mana hotuba zake ni ndefu, msimkate! Bila yeye mchezo unasema kitu ambacho mwandishi hakukusudia. Jambo jingine, Tartuffe kwenye maandishi si padri, ni mtu wa kawaida anayejifanya, kwa hivo usimpe kanzu wala kilemba, mpe suti kama unataka. Na kabla ya kutangaza nendeni mkawasomee wazee mchezo mzima. Nimeona mzee wa msikitini aliyesomewa akacheka kuliko sisi, akatuambia huyu mtu namjua na mimi, kikulacho ki nguoni mwako.

Windsor anachekwa mgeni mwenye kiburi aliyedhani wanawake wa mji ni wepesi, na mume mwenye wivu. Huu ndo mchezo ambao watu wanarudi nyumbani wamependana. Bi Page anasema mke anaweza kuwa mcheshi na bado akawa mwaminifu, na nawaambia maneno hayo yakisemwa mbele ya mama zetu pale Mkunguni utasikia vigelegele. Hauumizi mkubwa yeyote. Palipo na hatari ni pale mwanamume anapovishwa nguo za kike. Ukimvisha buibui watu watavunjika mbavu, lakini wengine wataona umelidhalilisha vazi la heshima, na wa kuamua hapo ni wanawake wa grupu yenu, si dairekta. Khanga mbili na ushungi zinatosha kwa mtu wa kimo kile.

Mzigo wa kuubeba

Zote tatu ni za sehemu tano, na usiku wa Lamu watu hawakai zaidi ya masaa mawili, kwa hivo kukata kupo popote utakapokwenda. Mkaguzi ndo unaopunguzika kwa urahisi, maofisa unaweza kuwaunganisha wawili kwa mmoja, lakini ile picha ya mwisho ya kuganda inataka umati, ukiwa na watu sita haipigi. Una wahusika zaidi ya 20, wengi wanaume. Kitabu chake cha Kiswahili kipo, Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tafsiri ya Christon Mwakasaka ya mwaka 1979, ukikipata kishike, mana kutafsiri upya ni kazi ya miezi.

Tartuffe ina watu 12 tu kwenye orodha, watano wanawake, chumba kimoja, meza moja yenye kitambaa kirefu. Hakuna rahisi kama hiyo kwa vifaa. Ugumu wake ni maneno, asili yake ni mashairi yenye vina mwanzo mpaka mwisho, ukiyafanya nathari unapata kisa unapoteza mlio. Na mi nasema pwani ndo mahali pa kuyarudisha mashairini, watu wetu wamelelewa na tenzi, sikio lao linangoja kina, mwenye kipaji cha kutunga akikaa na hii atatoa kitu ambacho bara hawakiwezi. Ila muwe na huyo mtu kweli, shairi bovu ni baya kuliko nathari.

Windsor karibu wote ni nathari, kwa hivo unaingia kwenye Kiswahili cha mtaani bila kusukumwa. Na ulishathibitika: mwaka 2012 grupu ya Bitter Pill kutoka Nairobi waliucheza kwa Kiswahili London, jukwaa la Globe, kwenye tamasha lile la michezo ya Shakespeare kwa lugha 37. Unataka tenga kubwa lenye nguvu na vijana wawili wa kulibeba na mtu mzima ndani, fanyeni praktisi na mtu halisi, msingoje siku yenyewe. Unataka watoto kwa ajili ya majini, nao watoto wanaleta mama zao, mama wanaleta majirani. Wanawake wanne wana kazi kubwa.

Sauti nayo. Pale mbele ya bahari kusi ikivuma maneno yanapelekwa Manda, Tartuffe itapotea kabisa mana kila kitu chake kimo ndani ya neno. Uweke ndani ya uwanja wa Ngome ambako kuta zinarudisha sauti, au kwenye kiwanda, yani ua wa ndani, cha nyumba ya zamani na watu arobaini. Windsor unaweza kuhimili nje, tenga linaonekana hata na aliyesimama mbali. Mkaguzi upo katikati.

Nani achukue upi

Kama grupu yenu ina wanawake wenye nguvu na mnataka mama, bibi na watoto waje, usiku wa sikukuu, watu wamevaa, chukueni Windsor. Kateni habari ya farasi, kateni nusu ya wachumba, bakisheni barua mbili, tenga, wivu na mti. Ule mti ufanyeni mbuyu, hamtahitaji kueleza.

Kama ni vijana wengi, wengi wanaume, wa chuo au wa kikundi cha haki za raia, na mna mtu mmoja wa miaka ishirini na kitu anayeweza kuongopa kwa uso mkweli, Mkaguzi ni wenu. Mkimkosa huyo Khlestakov, mkawa na meya mzuri tu, ngojeni mwaka mwingine.

Kama mko wachache, hamna pesa, mna mwigizaji wa kiume wa makamo anayeheshimika mtaani kumcheza Orgon na mna dada wa kumcheza Dorine bila kuvuta pumzi, na zaidi ya yote mna subira ya kuwaendea wazee kwanza, basi Tartuffe. Subira ikikosekana chukueni mwingine, sisemi kwa kuutisha mchezo, nasema kwa kuupenda.

Na yule dada wa Malindi nilimpa wa nne ambao sikuuweka juu kwa sababu Lamu haunikai sawa. Mtumishi wa Mabwana Wawili wa Goldoni, Mtaliano wa Venice, karne ya 18. Truffaldino, mtumishi mwenye njaa, anashika kazi kwa mabwana wawili nyumba moja ya wageni bila mmoja kujua ya mwingine, anachanganya barua, anachanganya masanduku, anahudumia vyakula viwili kwa wakati mmoja na yeye bado hajala. Mabwana wenyewe ni wapenzi wanaotafutana na mmoja ni mwanamke aliyejivika uanaume. Malindi nusu ya mji imefanya kazi hotelini na Kitaliano kinasemwa sokoni, weita aliyewahi kushika meza mbili za wateja wakali atamjua Truffaldino dakika ya kwanza. Watu wachache, mbio nyingi, sahani nyingi, na hakuna wa kukasirika.

Bado hamjaamua? Kaeni leo baada ya Isha kwenye daka la mtu, ile baraza ya mlangoni, msome kwa sauti kipande kimoja kutoka kila mchezo. Mkaguzi someni pale meya na Khlestakov wanapokutana nyumba ya wageni. Tartuffe someni Orgon akirudi safari. Windsor someni mashoga wakilinganisha barua. Msijichekeshe, someni tu kama mnaongea, na muwache mlango wazi upande wa njia. Pale ambapo anayepita atasimama na kuuliza, ee, alafu ikawaje, andikeni jina la mchezo huo na kesho muanze praktisi.